Ametangulia

3 Machi

Mdogo wangu Kifutio,

Salamu nyingi. Mimi si mzima. Usishtuke, soma kwanza. Nimekufa tangu Januari, na habari hizi nimezipata jana saa nne asubuhi nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe mbele ya ubao wa ofisi ya kata, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Walibandika orodha ya wapiga kura ili kila mtu akakague jina lake. Nikaacha sare za shule mezani, nikaenda. Nikateremsha kidole taratibu. Jina langu lipo, namba yangu ipo, na mbele yake pameandikwa "amefariki". Nikadhani nimeruka mstari. Nikarudia. Pembeni yangu alikuwepo Msusi, yule mwenye kibanda cha nywele mkabala na cherehani yangu, ambaye unajua hatusemezani tangu alipomwaga maji yake ya dawa mlangoni kwangu. Shida haina kisirani, nikamwambia nisomee hapa. Akasoma. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Akasema, "Pole na msiba." Mshenzi yule! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kicheko kilikata nilipoingia ndani. Karani wa kata kaniambia, "Mama, mfumo unasema umefariki." Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema yeye hana la kusema, mfumo ndio unaosema. Nimepiga kura mara sita maishani, mdogo wangu. Bomba la mtaa wetu limekauka mwaka wa pili sasa, na diwani alishinda mara iliyopita kwa kura arobaini tu. Safari hii nilikuwa na hamu na tarehe 14 Juni kama mtu mwenye harusi.

Sasa wewe si unafanya kazi huko huko, ofisi kuu ya daftari la wapiga kura? Niulizie. Na usinijibu kwa simu. Kwa simu unasema "nitakupigia baadaye, dada", halafu hiyo baadaye haifiki. Karatasi ina adabu, ukiipata lazima uijibu.

Dada yako,
marehemu


11 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 3 nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa. Kwanza nakuomba usiandike Kifutio juu ya bahasha. Dada wa mapokezi kaisoma kwa sauti mbele ya watu, na leo hata dereva wa ofisi ananiita hivyo.

Kuhusu suala lako, inaonekana ni hitilafu ndogo ya mfumo. Hutokea. Kuna fomu ya pingamizi pale pale kata. Jaza jina, namba na sahihi, kisha tafuta wapiga kura wawili wa kituo chako waandike kwamba wanakujua na kwamba u hai. Kila mtu anaruhusiwa kudhamini watu wawili tu. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Aprili, saa kumi jioni.

Ushauri wangu, dada, nenda peke yako, kimya kimya. Usiende na kundi la watu. Ukienda na kelele, mambo yanakuwa marefu. Mimi hapa nitaangalia ninachoweza kwa upande wa jina lako.

Mkataba wangu wa miezi mitatu unaisha mwezi ujao. Safari hii Mkuu wetu wa kitengo amenidokeza kwamba kuna nafasi ya ajira ya kudumu. Niombee.

Ni mimi mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Nimekuombea. Sasa nisikilize.

Nilichukua fomu nikaenda kwa mama wa mkaa, nyumba ya kwanza. Anidhamini? Naye kafa. Nikaenda kwa fundi viatu. Kafa, na mke wake kafa. Nyumba ya nne, wote watano marehemu. Nikarudi kwenye ubao na daftari langu la vipimo, nikahesabu mstari kwa mstari. Mtaa wetu, watu mia moja arobaini na sita, sote maiti. Aliye hai mtaa mzima ni mmoja tu, na ni nani? Bibi Kona! Miaka tisini na mguu mmoja mbovu, ndiye pekee anayepumua. Na Msusi, maana yeye analala mtaa wa mbele. Huko wao wazima wote, hata mafua hawana. Marehemu hawezi kumdhamini marehemu. Kwa hiyo hiyo fomu yako nzuri ni mlango uliochorwa ukutani.

Nikajiuliza, kwa nini Bibi Kona? Nikamfuata kwenye kiti chake pale pembeni. Akakumbuka vizuri sana. Ni siku ya mkutano wa maji, Januari, tulipokwenda mtaa mzima kumsubiri diwani ambaye hakuja. Bibi alibaki kwa sababu ya mguu. Akaja kijana wa kuhakiki wapiga kura, na makaratasi yake. Akaonyesha mlango wangu: "Mwenye nyumba hii yupo?" Bibi akasema, "Ametangulia." Hii? "Ametangulia." Na hawa? "Hao nao wametangulia, mwanangu. Wote wametangulia, na mimi nafuata, ni huu mguu tu ndio unanichelewesha." Kijana akavua kofia. Akamwambia, "Pole sana bibi." Bibi akamjibu, "Ahsante, nimeshazoea."

Cheka, nakusubiri.

Umemaliza? Mimi nilimaliza haraka, maana huyo kijana namjua. Kazi yake ni kupiga picha za vitambulisho, na suruali aliyovaa siku ile nilimshonea mimi. Nimemfuata kibandani kwake, kanionyesha nakala zake. Fomu ina visanduku vitatu: yupo, amehama, amefariki. Vyote kaviacha vitupu. Kwenye sehemu ya maelezo kaandika neno lenyewe, "ametangulia". Anasema, "Mama, nilipata shaka, bibi alikuwa anacheka. Nikaandika nilichosikia, nikajua huko ofisini watauliza."

Hawakuuliza. Mtu fulani, amekaa kwenye kiti huko kwenu, kalichukua neno la Bibi Kona akalitia kaburini. Mara mia moja arobaini na sita! Mtoto wa darasa la kwanza angeshtuka kwenye la kumi. Niambie ni nani. Nataka kumjua tu, simli.

Dada yako


26 Machi

Dada,

Shikamoo. Kwa kifupi, kwa sababu kazi ni nyingi. Jina lako limerudi. Nimelirudisha kwa mkono wangu. Wiki ijayo watabandika orodha ya masahihisho, utaliona.

Mengine yaache. Si kila kitu kinafaa kuulizwa. Wewe utapiga kura yako tarehe 14 Juni na maisha yataendelea.

Mdogo wako


2 Aprili

Kifutio,

Jina nimeliona. Liko peke yake kwenye karatasi nzima, limezungukwa na nafasi nyeupe.

Sikudanganyi, kwanza nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kutoka kwenye ubao hadi kwenye ngazi. Pale kwenye ngazi alikuwa amesimama mama wa mkaa. Akanipisha tu, kama unavyompisha mtu mkubwa. Jioni Msusi akaniita kutoka kibandani kwake, watu wote wakisikia: "Wenzako wako kaburini, wewe kafufuka peke yako. Nani kakufufua?" Nikaifunika cherehani, nikaingia ndani.

Asubuhi nikarudi kata kumwambia karani anirudishe kwenye marehemu mpaka na wenzangu watoke. Akashika kichwa. "Mama, mtu hafi kwa maombi." Basi nikachukua fomu mbili. Sasa mimi ni hai, naweza kudhamini watu wawili. Nikamdhamini mama wa mkaa, na yule mama mjane wa Fundi Saa. Fundi Saa mwenyewe kafariki kweli, mwezi wa pili. Kati ya watu mia moja arobaini na sita ofisi yenu imempata huyo mmoja, na hata huyo mlimuwahi.

Wakati naandika fomu ya pili nikawa nawaza maneno yako. "Kwa mkono wangu." Karani wa kata hawezi kugusa jina. Mpiga picha hawezi. Mkono unaoweza kunitoa humo ndani ni mkono uliofika humo ndani.

Nakuuliza mara moja tu, na mimi ndiye niliyekufundisha kushika penseli. Ni wewe?

Dada


9 Aprili

Dada,

Ni mimi.

Nimeandika barua hii mara nne. Zile tatu nimezichana, maana kila moja ilianza na sababu.

Ilikuwa hivi. Fomu zikifika kwetu, sisi makarani hatuoni majina. Tunaona namba ya mpiga kura na maelezo. Kisanduku kikiwa kitupu, utaratibu ni kuirudisha fomu ili mtu aende tena mlangoni kuuliza. Nilipofika kwenye ile ya kwanza yenye "ametangulia" niliichukua nikampelekea Mkuu. Alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Hujui Kiswahili? Ametangulia ni amekufa. Weka tatu." Tatu ni alama yetu ya marehemu. Nikaweka tatu. Nikaweka tena. Kama kwenye ya kumi na tisa hivi, nikaziangalia tarakimu za mwanzo za namba zile. Ni za kituo chetu. Nazijua kwa sababu ndizo zilizo kwenye kadi yangu ya kwanza, ile uliyonipeleka mwenyewe kuichukua, ukanishonea na shati.

Nikarudi kwa Mkuu. Nikamwambia, mzee, huu mtaa naujua, hakuna msiba wa namna hii, watu watakuwa walitoka tu. Safari hii alifunga mlango. Akasema, "Mtaa ule una kelele sana za maji. Waache wapumzike." Akacheka. Kisha akaniuliza mkataba wangu unaisha lini.

Dada, nina miaka minne hapa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Nilirudi kwenye kiti nikaweka tatu mpaka rundo likaisha. Sikutafuta namba yako. Ningeweza kuitafuta, ni dakika moja. Niliogopa kwamba nikiiona nitashindwa kuendelea. Ulipoandika kwamba umekufa, nilikwenda chooni nikalia, kisha nikakujibu kuhusu hitilafu ya mfumo. Nilikufufua wewe peke yako kwa sababu jina moja halionekani. Mawili yangeulizwa.

Mlinipa jina la Kifutio kwa utani, na limenipata.

Naona aibu. Tafadhali, choma barua hii.

Mdogo wako


13 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuichoma. Iko kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini.

Nimekukasirikia. Nikisema sijakasirika nitakuwa nakudanganya. Nimekanyaga cherehani siku mbili, nimeshona mikono ya sare ya mtoto ndani nje. Mimi niliacha shule ili wewe usome, hilo sijawahi kulitaja na sasa nalitaja. Nilitaka uwe mtu ambaye akiandika kitu, kimeandikika. Unakumbuka kwa nini tulikuita Kifutio? Ukikosea hesabu hukuwa unaikata kwa mstari mmoja kama wenzako ili mwalimu aone ulipokosea. Ulifuta, ukafuta, mpaka karatasi ikatoboka, halafu ukasema daftari lilinunuliwa likiwa na tundu.

Nami nilikufundisha nini pale miguuni kwangu? Kosa la mshono hulifichi kwa pasi. Unafumua. Inauma kwa sababu ni kazi yako mwenyewe unaikata, lakini unafumua, unashona upya.

Sasa habari za huku. Msusi, nisiyesemezana naye, ndiye jemedari wetu. Amezunguka mtaa wa mbele nyumba kwa nyumba na rundo la fomu. Mteja akikaa kwenye kiti chake na nywele zikiwa nusu zimesukwa, hamalizi mpaka mtu asaini. Watu sitini na mmoja wamepata wadhamini. Bado themanini na watatu, ukinitoa mimi na Fundi Saa, na mtaa wa mbele umeishiwa wenye kudhamini. Tarehe 24 kuna kikao cha mapingamizi mbele ya hakimu. Tukithibitisha kwamba kosa lilifanyika ofisini, wote watarudishwa kwa pamoja.

Barua yako ingetosha. Najua, na wewe unajua. Lakini sitaipeleka bila ruhusa yako. Siwezi kukata kitambaa cha mtu huku mwenyewe amegeuka. Niambie ndiyo, au njoo useme mwenyewe.

Nakupenda hata nikiwa na hasira, mjinga wewe.

Dada yako


18 Aprili

Dada,

Usiipeleke. Nakuomba kwa jina la mama.

Jana Mkuu kanipa karatasi mbili kwa pamoja. Moja ni ajira ya kudumu. Nyingine ni maelezo kwa ajili ya kikao chenu, kwamba mimi karani nimetafsiri neno "ametangulia" kwa mujibu wa Kiswahili fasaha na utaratibu ulifuatwa. Nisaini zote au nisisaini hata moja. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Usiipeleke.

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuipeleka. Nilikwenda kwenye kikao na mkoba mtupu.

Chumba kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwanasheria wa ofisi yenu alikuja na kamusi, ametia alama ya karatasi nyekundu. Akasoma: kutangulia, kwenda mbele, pia, kufa. Akafunga. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, akamwambia aisome tena ile maana ya kwanza. Akaisoma. Watu wakapiga makofi, wakakaripiwa.

Akaitwa Bibi Kona. Msusi alikuwa amemsuka asubuhi ile, bure, ametoka kama bibi harusi. Hakimu akamuuliza, "Bibi, ulimwambia kijana watu wako wapi?" Akajibu, "Nilimwambia wametangulia." Wametangulia wapi? "Mkutanoni." Ulisema mkutanoni? Bibi akafikiri. Akasema, "Mheshimiwa, mtaa mzima unajua kuna mkutano. Sikujua kama kuna mtu mjini hapa asiyejua." Chumba kikaangua kicheko, na hakimu mwenyewe akashika mdomo. Lakini Bibi hakucheka. Akageuka akatutazama sote pale nyuma. "Kwa hiyo ni mimi niliyewaua wanangu?" Akalia kama kijukuu. Bibi Kona, ambaye alizika watoto wanne bila kutoa chozi mbele za watu, alilia kwa sababu ya neno. Mimi nilikuwa nimemshika bega, na nilikuwa najua aliyefanya ni nani, na sikusema. Uzito wa hilo sikuombei uubebe.

Uamuzi: wale sitini na mmoja wamerudi, ila hawaruhusiwi kudhamini mpaka orodha mpya ibandikwe Mei. Themanini na watatu bado. Hakimu anasema neno lina maana mbili, na hawezi kujua ofisi ilichagua moja kwa bahati mbaya au kwa makusudi, mpaka mtu wa ofisi aseme. Dirisha linafungwa tarehe 30, saa kumi jioni.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu jinsi ilivyokuwa.

Dada yako


28 Aprili

Kwa Mheshimiwa Hakimu, Kikao cha Mapingamizi
Nakala: Dada yangu, fundi cherehani

YAH: WAPIGA KURA 146 WALIOANDIKWA WAMEFARIKI

Mheshimiwa,

Mimi ni karani wa kuingiza taarifa katika ofisi kuu ya daftari. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nimeyaapa leo mbele ya wakili.

Fomu zote za mtaa unaohusika nilizishughulikia mimi. Hakuna hata moja iliyowekewa alama kwenye kisanduku cha "amefariki". Utaratibu wetu ulioandikwa, ambao nakala yake nimeambatisha, unataka fomu ya namna hiyo irudishwe kwa mhakiki. Sikuzirudisha. Nilimuuliza Mkuu wangu mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia ametangulia maana yake amekufa. Mara ya pili nilimweleza kwamba naufahamu mtaa huo na kwamba watu wake wako hai. Alinijibu, "Mtaa ule una kelele sana za maji. Waache wapumzike."

Baada ya jibu hilo nilijua kwamba si kosa tena. Niliendelea kwa kuogopa kukosa kazi. Sikulazimishwa kwa nguvu. Vidole vilikuwa vyangu.

Nilitakiwa kusaini kwamba hii ndiyo maana ya neno katika Kiswahili fasaha. Sijasaini. Nimelisikia neno hili tangu utoto. Asubuhi dada yangu alikuwa akinifungulia mlango na kuniambia, "Tangulia shule, nakuja nyuma yako." Hakuwahi kumaanisha nife.

Ninaomba wapiga kura hao warudishwe. Kwa upande wangu, niko tayari kwa lolote.

Karani

(Chini, kwa mkono, kwenye nakala ya Dada: Nimeipeleka kwa basi la asubuhi, itafika kwa hakimu kabla ya hii kukufikia. Mwambie Bibi Kona si yeye. Nimefumua.)


16 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya Mei niliipata, ile ya mistari sita. Kwamba wamekufukuza, kwamba chumba umekirudisha na unalala kwa rafiki, kwamba Mkuu amehamishwa kitengo wakati wewe unashtakiwa kutoa siri za ofisi, na kesi ni Julai. Nilikaa nayo siku nyingi bila kujibu kwa sababu kila nilichotaka kukuambia kilikuwa kidogo. Nimezungumza na mwanasheria mmoja, mama aliyetusaidia na fomu. Atakusimamia. Msusi ameshaanza kuzunguka kutafuta mashahidi wa tabia yako, ingawa nimemwambia asiwaulize waliosoma na wewe.

Sasa nikupe ya juzi.

Wale themanini na watatu walirudi tarehe 12 Mei, wote kwa karatasi moja. Siku ya kura tulikuwa kituoni kabla hawajafungua mlango. Msusi kasema foleni nzuri namna hii hajawahi kuiona hata makaburini. Bibi Kona tulimweka mbele kabisa na kiti chake. Msimamizi wa kituo, mgeni, akamuuliza kwa heshima, "Bibi, wenzako wako wapi?" Bibi akafungua mdomo. Foleni nzima ikapiga kelele, "Bibi, nyamaza!" Akatungojea tutulie. Akasema, "Wapo nyuma yangu hapa, wahesabu mwenyewe. Aliyetangulia ni mimi."

Akapiga kura yake. Akatoka na wino kidoleni akiuonyesha kama pete.

Diwani kashinda. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kashinda kwa kura tisa. Sikumpa yangu, Msusi kampa yake na ananitambia tangu jana, nasi tumerudi kutosemezana, safari hii kwa raha. Lakini leo asubuhi diwani huyo huyo kaja mtaani kwa miguu na mafundi bomba wawili, wakaanza kuchimba mbele ya nyumba ya mama wa mkaa. Miaka miwili hakutuona. Kura tisa zimemfungua macho. Na sisi tutamhesabia siku, hilo nalo anajua.

Kuna jambo lingine limebadilika hapa. Neno lile hakuna anayelitumia tena. Ukigonga mlango ukauliza fulani yuko wapi, wanakujibu kwa urefu: "Ametoka, kaenda sokoni, mzima wa afya, anarudi saa sita." Hata watoto. Mtu akijisahau akasema "ametangulia", anazomewa mpaka acheke.

Jana Bibi Kona kaniita kwenye kiti chake. Aliposikia ni wewe uliyefanya, mwezi ule, hakutoka kukaa kwenye kiti chake siku tatu. Aliposikia ni wewe uliyesema, akarudi kukaa. Jana ndiyo kauliza mara ya kwanza. "Yule Kifutio wetu yuko wapi?" Palikuwa na watu wengi pale, mama wa mkaa, fundi viatu na mke wake, wote wale uliowawekea tatu. Wakanigeukia kusikiliza nitasema nini. Nikawaza chumba ulichorudisha, na kesi, na kwamba hujui kama una uso wa kuonekana huku.

Nikamwambia, "Yupo, Bibi. Anakuja."

Bibi akasema, "Basi mwambie nimemwekea nafasi kwenye benchi."

Shati lako jipya nimelikata jana kwa kipimo cha zamani, nitalirekebisha ukiwa umelivaa. Nimeshawaambia watu wote unakuja. Usinifanye mwongo.

Dada yako,
mzima